Kubadilisha Filta ya AC ya Gari Mwenyewe Bila Kutupa Hela

AC ikianza kupuliza kinyonge, wenye magari wengi hukimbilia kujaza gesi. Gesi inajazwa, hela inatoka, upepo unabaki uleule. Gesi inahusika na ubaridi. Nguvu ya upepo hutoka kwenye feni. Upepo ukipungua, mshukiwa wa kwanza ni filta ya AC, ile inayochuja hewa inayoingia ndani ya gari, na kwa Toyota nyingi zinazotoka Japani kuikagua ni kazi ya dakika kumi isiyohitaji hata bisibisi.

Maelezo haya yanafuata gari lenye usukani kulia na filta iliyokaa nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya abiria. Ndivyo zilivyo Vitz, Premio, Allion, Corolla, RAV4 na nyingine nyingi. Magari yaliyopangwa tofauti yana sehemu yao huko chini.

Jambo moja kabla ya kwenda dukani. Ukisema "filta ya hewa" utapewa ya injini, ile inayokaa chini ya boneti. Sema "filta ya AC". Wauzaji wengine, hasa Nairobi na Mombasa, huielewa zaidi ukisema "filta ya kabini".

Vitu vya kuandaa

- Filta mpya ya saizi sahihi (usinunue kabla ya kusoma hatua ya 6)
- Tochi, au taa ya simu
- Kitambaa safi chenye unyevu kidogo na kingine kikavu
- Brashi laini ya rangi, ya inchi 1 au 2
- Rula au futikamba
- Barakoa. Vumbi lililokaa humo mwaka mzima si la kuvuta, na panya hupenda kulala humo
- Kalamu ya wino mzito
- Bisibisi ya nyota, kwa magari ambayo droo yake imefungwa kwa skrubu

Mashine ya kufyonza vumbi ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, brashi na kitambaa vinatosha.

Hatua ya 1: Pima upepo kabla ya kugusa chochote

Washa gari, weka feni kwenye namba ya juu kabisa, elekeza upepo usoni. Kata kipande cha tishu, kishike kwa ncha mbele ya tundu la katikati la dashibodi, kisha kirudishe nyuma taratibu mpaka kiache kupepea. Kumbuka umbali huo.

Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini ndicho kipimo pekee utakachokuwa nacho mwishoni. Asiyepima mwanzo huishia kusema "naona kama imeongezeka", na hapo hajui kama hela yake imefanya kazi.

Sikiliza pia. Feni inayonguruma kwa nguvu huku upepo ukitoka kidogo inahangaika kuvuta hewa mahali palipoziba. Feni iliyo kimya na upepo kidogo ni tatizo la feni yenyewe au umeme wake, na filta mpya haitaliponya.

Hatua ya 2: Safisha mlango wa hewa

Zima gari, fungua boneti. Chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapoanzia, kuna wavu wa plastiki. Hewa ya nje inaingilia hapo. Toa majani yote kwa mkono.

Gari linalolazwa chini ya mwarobaini lina shida yake: vijani vyake ni vyembamba, hupenya wavu na kwenda kulala juu ya filta. Mvua ikinyesha vinaoza, na ile harufu ya udongo mbichi unayoisikia ukiwasha AC asubuhi huanzia hapo. Ukiruka hatua hii, filta mpya itapokea takataka za zamani siku ileile.

Hatua ya 3: Shusha droo

Ondoa kila kitu ndani ya droo. Kadi ya gari, bima na risiti zikiangukia nyuma ya dashibodi, kuzitafuta ni kazi nyingine.

Fungua droo, tazama ubavuni mwake. Magari mengi yana kimkono chembamba cha plastiki au kamba inayoizuia droo isidondoke kwa kishindo. Kimkono hicho hutoka kwa kusukumwa pembeni kutoka kwenye kijiti chake. Hakivutwi kwa kwenda mbele. Vimikono vingi vilivyovunjika vimevunjwa na mtu aliyevuta.

Sasa shika kuta mbili za droo kwa mikono yote miwili, zibonyeze kuelekea ndani mpaka vile vishikizo vya juu vipite, kisha shusha droo taratibu. Itaning'inia kwenye bawaba zake za chini. Ukitaka nafasi zaidi, ivute kuelekea kwako itoke kabisa.

Droo ikikataa, usiongeze nguvu. Tazama kingo kwa tochi. Huenda kuna skrubu. Plastiki iliyopigwa jua la miaka kumi na tano haina uvumilivu, na droo iliyovunjika sikio itagonga kwenye kila tuta hadi utakapoliuza gari.

Tahadhari: ukiona nyaya zenye soketi za njano, usizichomoe. Njano ni rangi ya nyaya za eabegi. Usigonge wala kuchokonoa dashibodi upande wa abiria.

Hatua ya 4: Fungua mfuniko na utoe filta

Droo ikishuka utaona boksi jeusi la plastiki, na usoni mwake mfuniko mwembamba uliolala, wenye urefu wa karibu sentimita 20. Una kishikizo upande mmoja au pande zote mbili. Bonyeza kishikizo, vuta mfuniko.

Piga picha kabla ya kuvuta filta. Picha ionyeshe mshale na maandishi ya ubavuni. Wengi wanaofunga filta kinyume wangeokolewa na picha moja.

Vuta filta ikiwa imelala sawa, polepole, bila kuiinamisha. Upande wa juu umebeba majani, mchanga, wadudu na pengine manyoya. Ukiinamisha, mzigo wote unamwagikia kwenye feni iliyo chini yake, na ukiwasha utasikia mlio wa kalamu iliyokwama kwenye baiskeli.

Hukukuta filta yoyote? Ruka hadi sehemu ya magari yasiyo na filta.

Hatua ya 5: Jaribio la dakika moja

Filta ikiwa nje, rudisha mfuniko, washa feni kwenye namba ya juu na urudie kipimo cha tishu. Usizidishe dakika moja, maana sasa vumbi linaingia bila kizuizi.

Upepo ukiongezeka waziwazi, filta ndiyo iliyokuwa imeziba. Nunua mpya, habari imeisha.

Upepo ukibaki uleule, usinunue kitu kwanza. Kinachozuia kiko mbele zaidi: aidha feni imechoka, au evaporeta imejaa tope. Evaporeta ni kile kisega cha alumini kinachopoza hewa. Kikifanya kazi huwa kimelowa, kwa hiyo vumbi lolote linalopita huganda juu yake kama udongo kwenye ukuta wa nyumba ya fito. Kwa magari mengi kuitoa evaporeta ni kuvua dashibodi nzima. Ndiyo maana kutembea bila filta ili "upepo uwe mkubwa" ni akiba inayokuja kudai riba.

Namba za chini za feni zisipofanya kazi na ya juu kabisa ikafanya, hiyo ni rezista ya feni, kile kifaa kinachopunguza kasi yake kwenye namba za chini. Rezista hupozwa na upepo uleule unaopita, hivyo filta iliyoziba kwa muda mrefu huichosha. Badilisha filta kwanza, kisha rezista. Ukifanya kinyume, rezista mpya itaanza kuteseka mara moja.

Hatua ya 6: Soma filta ya zamani, kisha nenda dukani

Muuzaji akikuuliza "gari gani?" usiishie kwenye jina. Vitz za miaka tofauti hutumia filta tofauti. Nenda na vitu vitatu: filta yenyewe kwenye mfuko wa plastiki, namba iliyoandikwa ubavuni mwake, na namba ya chesisi.

Namba za Toyota mara nyingi huanza na 87139, na za zamani kidogo 88568. Za Nissan nyingi huanza na 27277, Honda 80292, Subaru 72880. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha saizi, kwa hiyo ziandike zote.

Namba ikiwa imefutika, pima kwa rula: urefu, upana na unene kwa milimita. Toyota nyingi ziko karibu na 215 kwa 195, unene karibu 30. Usikubali "hii itaingia tu". Filta iliyopungua hata milimita 5 inaacha mwanya, na hewa haina heshima. Itapita penye mwanya na kuliacha chujio. Iliyozidi itajikunja katikati, na matokeo ni yaleyale.

Kwa mwenye bajeti ndogo, si lazima ununue jenuini. Filta ya kampuni nyingine inafaa ikipita majaribio haya mbele ya muuzaji:

- Inyanyue kwenye mwanga. Usione tundu wala mahali gundi ilipoachia.
- Tazama mikunjo. Iwe imesimama, imepangana kwa nafasi sawa, na iwe mingi. Filta mbili za saizi moja, yenye mikunjo mingi ina eneo kubwa la kuchujia na itachelewa kuziba.
- Bonyeza fremu. Fremu laini kama boksi la biskuti itapinda ukiisukuma ndani.
- Inuse. Harufu kali ya gundi haitoki upesi, na utaivuta wewe na wanao.

Filta nyeusi au ya kijivu ina mkaa maalumu unaopunguza harufu na moshi. Ina maana kwa anayekaa foleni kila siku nyuma ya malori na mabasi, tuseme Barabara ya Mandela au Mombasa Road. Kwa anayeendesha barabara ya vumbi wilayani, nyeupe ya kawaida inatosha. Vumbi litaiziba ile ya mkaa kabla mkaa haujachoka, na ziada uliyolipa imekwenda bure.

Hatua ya 7: Safisha chumba cha filta

Ingiza kitambaa chenye unyevu, futa kuta na sakafu. Kona zifikie kwa brashi ukivuta uchafu kuja kwako. Usipulize kwa mashine ya upepo kuelekea ndani, utaupeleka uchafu wote kwenye evaporeta.

Mulika chini kwa tochi uone mapanga ya feni. Ukiona jani, litoe kwa vidole viwili huku ufunguo ukiwa nje ya swichi kabisa, kwa gari la kitufe ukihakikisha limezimwa. Angalia pia kama kuna vipande vya godoro au karatasi zilizotafunwa. Hiyo ni nyumba ya panya, na panya akizoea hapo, kesho atahamia kwenye nyaya.

Hatua ya 8: Ingiza filta mpya, na hapa ndipo wengi hukosea

Kuna alama za aina mbili, na maana zake ni tofauti.

Ukiona UP na mshale, upande huo uelekee juu. Hayo tu.

Ukiona AIR FLOW na mshale, mshale unaonyesha hewa inakokwenda. Katika magari ambayo filta imelala juu ya feni, hewa inashuka, kwa hiyo mshale huo uelekee chini.

Ndiyo sababu mtu anaweza kuona mshale wa filta ya zamani ukitazama juu na wa mpya ukitazama chini, na zote zikawa zimefungwa sawa. Soma neno, usiufuate mshale peke yake. Filta isiyo na alama, tazama ya zamani: upande uliochafuka zaidi ndio uliopokea hewa.

Isukume ikiwa imelala kwenye reli zake mpaka ifike mwisho. Mfuniko urudi kwa mlio wa "ta" pande zote. Mfuniko uliobaki wazi upande mmoja hupiga mluzi feni ikiwa kwenye namba ya juu, na hewa chafu hupenya pembeni.

Kabla ya kufunga, andika kwenye fremu ya filta tarehe na kilomita za gari. Usitegemee kumbukumbu; fundi atakayefungua baadaye hataweza kukuambia "hii ya zamani sana" kama tarehe inamkodolea macho.

Hatua ya 9: Rudisha droo na upime tena

Bawaba za chini kwanza, kisha bonyeza kuta, pandisha, halafu rudisha kimkono. Fungua na ufunge droo mara tatu.

Washa, rudia kipimo cha tishu. Kazi imekubali kama tishu inapepea mbali kuliko mwanzo na mngurumo wa feni umekuwa laini. Filta mpya itapunguza upepo kidogo ukilinganisha na ule wa jaribio bila filta, na hilo si kosa. Lakini ikiurudisha upepo kwenye kiwango cha ile chafu, chujio lake ni zito mno au limejikunja. Litoe uangalie.

Harufu mbaya ikibaki baada ya hapo, iko kwenye evaporeta. Endesha AC kwa dakika kumi na tano ukiwa umesimama, kisha chungulia chini ya gari upande wa abiria. Maji yadondoke. Yasipodondoka, au zulia la abiria likiwa limelowa, mpira wa kutolea maji umeziba, na huo ni wa kuzibuliwa kabla hujanunua dawa yoyote ya harufu. Marashi ya kupulizia kwenye filta hayaondoi kitu. Yanakupa harufu mbili badala ya moja.

Kusafisha ya zamani: inawezekana, ila kwa mipaka

Hela ikiwa haijapatikana, filta iliyojaa vumbi kavu inaweza kusogezwa wiki kadhaa. Itoe nje, geuza upande mchafu chini, igonge kwa kiganja ukutani pole pole. Pitisha brashi laini kufuata mikunjo. Ukitumia mashine ya upepo ya fundi pancha, puliza kutokea upande msafi kwenda upande mchafu, ukiwa umbali wa sentimita 30 na zaidi. Karibu zaidi ya hapo unalitoboa chujio, na matundu yenyewe hutayaona kwa macho.

Usiioshe kwa maji na sabuni, hata kama jirani anafanya hivyo kila mwezi. Nyuzi za filta nyingi zimewekewa chaji ya umeme tuli inayonasa vumbi dogo kabisa. Ukifua, chaji inapotea, mikunjo inalala, na fremu ya karatasi inalegea. Itaonekana nyeupe na haitachuja. Zile zinazooshwa zipo, nazo huandikwa hivyo na mtengenezaji.

Yenye ukungu, mafuta, mkojo wa panya au tundu, tupa. Na usiweke kipande cha khanga, sponji ya godoro wala barakoa badala yake. Kitambaa kikivutwa na feni kitajizungusha kwenye mapanga, na mota ya feni itaungua kwa ajili ya kitu ulichokiokota nyumbani.

Magari yasiyo na filta, na yenye mpangilio mwingine

Baadhi ya magari madogo na ya biashara kutoka Japani yaliuzwa bila filta. Nafasi ipo, lakini usoni pamezibwa na plastiki iliyochorwa mstari wa kukatia. Kata kwa kisu chenye makali ukifuata mstari, taratibu, vipande visidondokee kwenye feni. Baada ya hapo utahitaji mfuniko wake pamoja na filta. Mfuniko mara nyingi hupatikana kwenye maduka ya spea zilizotumika kwa bei ndogo. Kama huna mkono mtulivu, hii ndiyo hatua ya kumlipa fundi.

Baadhi ya Nissan, filta imesimama wima ubavuni mwa konsoli ya katikati, karibu na miguu. Nafasi ni finyu, na filta lazima ikunjwe kidogo iingie. Fremu yake imetengenezwa kukunjwa. Nyingine usizikunje.

Volkswagen Golf 5 na Passat B6 zinafunguliwa kutoka chini ya droo, upande wa miguu. BMW E90 filta yake iko chini ya boneti, mbele ya kioo.

Lini ubadilishe, na namna ya kuifanya idumu

Vitabu vingi vya magari vinataja kati ya kilomita 15,000 na 30,000. Kwa barabara za vumbi, kata nusu. Njia rahisi ni kuifungua kila unapomwaga oili ya injini. Ukiipiga mwangaza wa tochi kwa nyuma na mwanga usipite kwenye mikunjo, muda wake umefika.

Ikiwa unaweza kumudu moja tu kwa mwaka, ibadilishe mwisho wa kiangazi, kabla ya vuli kuanza. Vumbi la miezi mikavu likikutana na unyevu wa mvua ndipo harufu inapozaliwa, na ndipo vioo vinapoganda ukungu na upepo unauhitaji kweli.

Kwenye barabara ya vumbi ukiwa peke yako, funga vioo na acha hewa ya nje iingie kwa feni ya wastani: hewa ikisukumwa ndani, vumbi halipenyi kwenye mipira ya milango. Ukikaribia lori au basi, bonyeza kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Ukishapita, kitoe. Kukiacha safari nzima na abiria watano kunaifanya hewa kuwa nzito na kumletea dereva usingizi.

Dakika tatu kabla ya kufika, zima AC uache feni ikizunguka. Evaporeta inakauka, ukungu unakosa pa kuota.